Jozi

Tulifika Oktoba, jozi zikianguka juu ya bati
usiku kucha, ko, ko,
kama mgeni asiyejua jina la mwenye nyumba.
Wewe, Tuulia, ulibakiza sura mbili za tasnifu.
Mimi nilikuwa na nyundo mpya
na imani ya mtu aliyesoma kipeperushi.

Kijiji kiko Armenia, barabara inapokata tamaa
na mlima kuanza bila kuomba radhi.
Haykanush alitupa chumba cha mwanawe aliyehamia Urusi,
kitanda kimoja, chembamba.
Tulijifunza kugeuka kwa zamu.

Nilijenga ukuta wa shule. Nilipiga picha nyingi.
Machi, theluji ilipoyeyuka, ukuta wangu uliketi chini
taratibu, kama bibi aliyechoka kusimama harusini.
Vardges aliuinua upya kwa siku mbili,
mawe yaleyale.
Hakusema neno.
Siku ya tatu akaniazima mwiko wake,
nikajua nimesamehewa,
au nimeajiriwa.

Wewe uliandika kwenye meza yenye unga
habari za ukungu unaokula majani ya jozi,
Haykanush akikanda mkate upande wa pili.
Kila ulipokwama alikusukumia donge moja,
nawe ukalipiga ngumi hadi sentensi ikatoka.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili
una alama ya dole gumba lake mpaka leo.

Siku ya kuitetea kazi yako
mtandao ulipatikana juu ya paa la zahanati tu.
Blauzi ya pasi juu, buti za matope chini.
Nilishika ngazi.
Ng'ombe wa Vardges akalia katikati ya swali la tatu,
na profesa kule Turku akasema,
kwa upole wa mtu mwenye joto la kutosha chumbani,
"Hoja hiyo nayo tumeipokea."

Ulishuka daktari.
Haykanush akakubusu mara tatu, akavuta kigoda,
akapandisha sketi:
"Haya, anza na goti hili."
Ukaeleza, kwa Kiarmenia chako cha kuokoteza,
kwamba wewe ni daktari wa miti, si wa watu.
"Miaka sabini na minne nimesimama mahali pamoja," akasema.
"Tofauti iko wapi?"
Ukalikanda kwa mafuta ya jozi.

Usiku ule usingizi ulitupita.
Barua mbili zilikuwa zimefika: kazi yako Oulu,
yangu labda Tampere, labda hakuna.
Miaka sita tuliishi ndani ya neno "tukimaliza".
Tukimaliza tutanunua meza.
Tukimaliza tutazungumza habari za mtoto.
Sasa tumemaliza,
na neno limekwisha mkononi kama sabuni.
"Naogopa," ulisema.
"Nini?"
"Nafasi."
Kitandani pale haikuwepo hata ya kujikuna.

Asubuhi ya kuondoka, Arpine wa darasa la tatu
alituhesabia moja hadi kumi kwa Kifini.
Aliruka saba. Hatukumsahihisha.

Yerevan, uwanja wa ndege.
Askari akainua chupa ya Haykanush kwenye mwanga:
jozi mbichi, nzimanzima,
zilizochemshwa na sukari hadi zikawa nyeusi ti.
"Hiki ni kimiminika," akasema.
"Ni tunda," ukajibu, kwa sauti ile ya juu ya paa.
Akaitazama foleni nyuma yetu,
akatuonyesha kona kwa kidevu.

Tukaketi sakafuni.
Kijiko hatukuwa nacho.
Ukatoa kitambulisho chako cha mwanafunzi,
kilichokufa tangu Ijumaa,
ukachota, ukanilisha, nikapokea, nikakulisha,
shira ikitambaa juu ya picha yako
ya enzi zile una nywele fupi na hunijui.

Askari alikubali moja.
Akala amesimama, macho kafumba,
akataja jina la kijiji ambacho si kile chetu.

Chupani zilibaki mbili
walipoita ndege.